Pingili Hazijasagika

Kuna sentensi moja ambayo karibu kila mwenye maumivu ya shingo au kiuno ameshaambiwa, au ataambiwa: "Pingili zako zimesagika." Husemwa kwa haraka, filamu ikiwa imeinuliwa kwenye mwanga wa dirisha na ncha ya kalamu ikigusa kijumba kimoja cha mfupa kisha kingine. "Unaona hapa? Mfupa umeota. Na hapa diski imeisha." Mgonjwa haoni kitu, ila anaitikia. Anatoka na bahasha kubwa ya kaki kwapani, na tangu siku hiyo anajieleza kwa jamaa na majirani kama mtu mwenye mgongo ulioharibika. Haongei tena juu ya maumivu yanayokuja na kuondoka. Anaongea juu ya hali yake ya kudumu.

Rai iliyo nyuma ya sentensi hiyo, ikielezwa kwa haki, inakwenda hivi. Uti wa mgongo ni nguzo ya pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine, na kati ya pingili na pingili pana diski inayozuia mfupa usigusane na mfupa. Kwa miaka ya kubeba ndoo kichwani, kuinama na jembe, kukaa juu ya pikipiki au mbele ya kompyuta, diski huliwa kidogo kidogo. Ikiisha, pingili husuguana, na kwenye msuguano huo mfupa huota miiba. Miiba huchoma mishipa ya fahamu, na maumivu ni matokeo ya kuchomwa huko. Kwa kuwa picha ya eksirei au MRI huionyesha miiba yenyewe, picha ndiyo ushahidi wa ugonjwa. Tiba basi ni kuuhifadhi mgongo usizidi kuliwa: mtu apumzike, avae mkanda, asiiname, asibebe, atafute dawa ya kuyeyusha mfupa, na yote yakishindikana, akapasuliwe.

Rai hii inashawishi kwa sababu kila kipande chake kina chembe ya ukweli. Diski hupungua kimo. Mfupa huota. Mshipa wa fahamu ukibanwa huuma, tena sana. Kosa liko kwenye mnyororo unaounganisha vipande hivyo, ule unaotoka kwenye picha kwenda kwenye maumivu, kutoka kwenye maumivu kwenda kwenye kitanda, na kutoka kitandani kwenda kwenye mkoba wa muuza dawa. Nimekusudia kuukata mnyororo huo pete kwa pete, kwa sababu naamini unawaumiza watu wengi kuliko miiba yenyewe.

1. Picha hiyo hiyo wanayo wasioumwa

Kama diski iliyopungua na mfupa ulioota ndivyo vinavyoleta maumivu, basi tukiwapiga picha watu wasioumwa tungetarajia kukuta migongo safi. Jaribio hilo limefanywa mara nyingi, na jibu lake halijawahi kuipendelea rai hii. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya MRI za viuno vya watu 98 wasiokuwa na maumivu ya mgongo. Waliokutwa na diski za kawaida kila mahali walikuwa asilimia 36 tu. Zaidi ya nusu, asilimia 52, walikuwa na diski iliyovimba nje ya mipaka yake angalau sehemu moja, na asilimia 27 walikuwa na diski iliyochomoza. Watu hao walikuwa wakienda kazini, wakiinama na kuinuka bila shida.

Mwaka 2015 tafiti 33 za namna hiyo zilikusanywa pamoja, zikiwa na watu 3,110 wasio na maumivu. Miongoni mwa wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa tayari na dalili za kuchakaa kwa diski kwenye picha. Kwa wenye miaka 80, kiwango kilifika asilimia 96. Shingo nayo haitofautiani. Huko Japani watu wazima 1,211 wasio na dalili yoyote walipigwa MRI ya shingo, na asilimia 87.6 walikutwa na diski zilizovimba, wakiwamo wengi wa vijana wenye miaka ishirini na kitu. Hali inayopatikana kwa karibu watu tisa kati ya kumi walio wazima haiwezi kuitwa ugonjwa bila kulivunja neno "ugonjwa" lenyewe. Mvi huongezeka kwa umri, mikunjo ya uso huongezeka kwa umri, na hatumwambii mzee kwamba nywele zake zinaumwa.

Mtetezi wa rai hii anaweza kusema kwamba wenye maumivu huwa na mabadiliko hayo zaidi. Ni kweli kwa kiasi: kwa watu wazima walio chini ya miaka 50, baadhi ya mabadiliko haya huonekana mara nyingi zaidi kwa wanaoumwa kuliko kwa wasioumwa. Lakini tofauti kati ya makundi mawili haikupi ruhusa ya kumnyooshea kidole mtu mmoja aliyeketi mbele yako na kumwambia kwamba kimo cha diski yake ndicho kinachomnyima usingizi. Ikiwa jirani yake wa umri uleule anayecheza mpira kila Jumapili ana diski ya namna hiyohiyo, basi diski peke yake haijaeleza kitu.

Tena hata wasomaji wa picha hawakubaliani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, mwanamke mmoja mwenye miaka 63, aliyekuwa na maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni, alipigwa MRI katika vituo kumi tofauti ndani ya wiki tatu. Ripoti kumi zilirudi na jumla ya matokeo 49 yanayotofautiana. Hakuna hata tokeo moja lililotajwa na ripoti zote kumi. Mgongo ulikuwa mmoja na mgonjwa alikuwa mmoja. Anayeishika ripoti yake kama hati ya mahakama ajue kwamba kituo cha pili kingeweza kumwandikia hati nyingine.

2. "Kusagika" ni neno lisilolingana na kinachotokea

Nafaka ndiyo inayosagika. Jiwe linasugua jiwe, punje inakuwa unga, na unga haurudi kuwa punje. Anayeambiwa pingili zimesagika huona picha hiyo akilini, na kila anapoinama huhisi unga ukimwagika. Kinachotokea ndani ya mgongo hakifanani na kinu hata kidogo.

Diski ni pete ya nyuzi ngumu zilizosukwa kwa tabaka, na katikati yake mna kiini laini chenye maji mengi. Mchana uzito wa mwili huyakamua maji hayo kidogo, usiku tukilala diski huyanywa tena, na ndiyo maana mtu huamka akiwa mrefu kwa sentimita moja au zaidi kuliko alivyokuwa jioni. Kiini hicho hakina mishipa ya damu. Chakula chake hupenya polepole kutoka kwenye mfupa wa juu na wa chini. Miaka inavyokwenda, chembe zinazoshika maji hupungua, kiini hukauka kiasi, na kimo cha diski hushuka. Kwenye MRI diski yenye maji huonekana nyeupe na iliyokauka huonekana nyeusi, ndiyo maana watu huambiwa diski yao "imekufa". Haijafa. Imekauka, kama ngozi ya mkono wa mtu mzima inavyokuwa kavu kuliko ya mtoto.

Mfupa ulioota nao una maelezo yake. Diski ikipungua kimo, nyuzi zilizojishikiza kwenye kingo za pingili huvutwa kwa namna mpya na uzito huegemea pembeni zaidi. Mfupa ni kiungo hai, na hujijenga pale unapovutwa na kukandamizwa. Kwa hiyo kingo za pingili hupanuka, na uso unaobeba uzito huwa mpana zaidi. Hiyo ndiyo kazi inayoitwa miiba. Hata umbo la mwiba limetokana na jinsi tunavyotazama. Picha ya eksirei ni kivuli, na ukingo wa sahani ukitazamwa kwa ubavu huonekana kama ncha. Mara nyingi kilichopo mwilini ni mdomo mnene wa mfupa uliozunguka ukingo wa pingili, na sehemu kubwa ya midomo hiyo huelekea mbele na kandoni, mbali na mishipa ya fahamu.

Pana mahali ambapo mdomo huo unaweza kuleta madhara, na pasifichwe. Shingo ina pingili 7, na katika sehemu yake ya chini, hasa kati ya ya 5 na ya 6 na kati ya ya 6 na ya 7, mfupa unaweza kuota kuelekea kwenye tundu linalopitisha mshipa wa fahamu wa mkono, au kuelekea kwenye mfereji wenye ugwe mgongo, ile kamba kuu ya mishipa ya fahamu. Hapo kuna ugonjwa wenye sura yake: maumivu yanayotoka shingoni na kufuata mstari hadi kwenye vidole fulani, ganzi, mkono kupungua nguvu. Lakini ona jinsi ugonjwa huo unavyotambulika. Mgonjwa anaonyesha njia ya maumivu kwa kidole chake, daktari anapima nguvu ya misuli na kugonga kano kwa nyundo ndogo, kisha picha inathibitisha au inakanusha. Hapo picha ni shahidi aliyeitwa baada ya kesi kufunguliwa. Rai ninayoipinga humfanya shahidi huyo kuwa mlalamikaji na hakimu kwa wakati mmoja.

3. Si kazi yako iliyokuharibu

Rai hii humtafutia kila mtu kosa. Aliyebeba huambiwa amebeba mno, aliyekaa huambiwa amekaa mno, na aliyesimama dukani siku nzima naye huambiwa amesimama mno. Sababu inayofaa kwa kila mtu haimwelezi mtu yeyote. Mwaka 1995 ulichapishwa utafiti wa Finland uliolinganisha jozi 115 za pacha wanaume wa kufanana, wengi wao wakiwa wamefanya kazi na kuishi kwa namna tofauti. Katika diski za juu za kiuno, mzigo wa kazi na michezo ulieleza asilimia 7 tu ya tofauti zilizoonekana kati ya mtu na mtu, na katika diski mbili za chini, asilimia 2. Urithi pamoja na malezi ya pamoja ya utotoni ulieleza sehemu kubwa zaidi kwa mbali. Diski zako, kwa kiasi kikubwa, ulizipata kwa wazazi wako kama ulivyopata pua.

Mtetezi makini ataleta ushahidi wa upande wa pili, nao upo. Utafiti wa Sierra Leone uliochapishwa mwaka 1997 ulilinganisha eksirei za shingo za watu 35 waliozoea kubeba mizigo kichwani na za wengine 35 wasiobeba. Waliobeba walikuwa na mabadiliko ya pingili mara nyingi zaidi kwa mbali. Siukatai ushahidi huo. Unaonyesha kwamba mfupa wa shingo huitikia mzigo, jambo nililokwisha kulisema. Mkono wa mkulima nao huitikia mpini wa jembe kwa kuota sugu, na hakuna anayempeleka mkulima hospitali kwa sababu ya sugu. Swali ni kama mwitikio huo ni ugonjwa, na swali hilo halijibiwi kwa kuhesabu vinundu kwenye filamu. Linajibiwa kwa kumuuliza mtu anaumwa wapi, lini, na kwa namna gani, na kwa kuupima mwili wake.

Wala sisemi kwamba mizigo mizito haiumizi. Inaumiza misuli na viungo, na ndoo ya lita 20 kwa kilomita mbili kila siku ni adha ambayo bomba la maji lingeiondoa, na ingefaa iondolewe. Lakini kumwambia mama anayeteka maji kwamba ameyaharibu maisha yake kwa mikono yake mwenyewe ni kumbebesha lawama juu ya ndoo.

4. Kupumzika si tiba

Hitimisho la kwanza la rai ya kusagika ni kitanda. Kama kitu kinaliwa kwa kutumika, kisitumike. Kwa tairi ni sawa, kwa mwili wa kiumbe hai si sawa. Mwaka 1986 wagonjwa 203 wa maumivu ya kiuno huko Marekani waligawanywa kwa kura, nusu wakashauriwa kulala siku mbili na nusu siku saba. Walioshauriwa siku mbili walikosa kazi kwa siku pungufu kwa asilimia 45, na afya zao hazikuwa mbaya kuliko za wenzao. Mwaka 1995 wafanyakazi 186 wa jiji la Helsinki waligawanywa makundi matatu: wa kulala, wa mazoezi maalumu ya kiuno, na wa kuendelea na shughuli za kawaida kadiri maumivu yanavyoruhusu. Waliopona haraka kuliko wote ni walioendelea na shughuli zao.

Hilo halishangazi kwa anayekumbuka jinsi mwili unavyofanya kazi. Misuli ya mgongo isiyotumika hunyauka ndani ya wiki chache, na mgongo wenye misuli dhaifu huuma kwa kazi ndogo kuliko ulivyouma kwa kazi kubwa. Mgonjwa huona hilo kama uthibitisho kwamba pingili zimezidi kusagika, anapumzika zaidi, anadhoofika zaidi. Mwisho wake ni mtu wa miaka 45 anayemwomba mtoto amfungie kamba za viatu, ilhali picha yake haitofautiani na ya fundi ujenzi anayepanda ngazi na zege begani.

Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake juu ya maumivu sugu ya kiuno yasiyotokana na ugonjwa mwingine. Unashauri elimu kwa mgonjwa na mazoezi yenye mpangilio. Unashauri mikanda ya kiuno na mashine za kuvuta mgongo zisitumike kama tiba ya kawaida, na dawa za jamii ya afyuni zisitolewe. Mikanda hiyohiyo imetundikwa kwenye kila duka la vifaa tiba, nayo huuzwa kwa imani ile ya nguzo inayohitaji gongo.

5. Hakuna dawa ya kuyeyusha mfupa

Hitimisho la pili ni dawa. Mfupa ulioota ni mfupa kamili, wenye madini yaleyale na chembe hai zilezile za pingili iliyouotesha. Kimiminika ambacho kingeuyeyusha mdomo wa pingili bila kuigusa pingili hakipo, kwa kuwa havitofautiani kwa chochote ambacho dawa ingeweza kukitambua. Wala kuacha maziwa au dagaa hakuuzuii kuota, kwa maana chanzo chake si wingi wa chokaa kwenye mlo. Anayeacha vyakula hivyo anaudhoofisha mfupa wote ili kupigana na ukingo mmoja.

Kuna ukweli ambao wauzaji wa dawa hizo wananufaika nao bila kuusema. Diski iliyopasuka na kumwaga kiini chake, ile inayotisha kuliko zote kwenye picha, mara nyingi hunywea yenyewe, kwa sababu mwili hukiona kiini kilichotoka kama kitu kigeni na kukila. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yaligundua kwamba vipande vilivyokatika kabisa vilinywea kwa asilimia 96 ya wagonjwa, na kiini kilichomwagika bila kukatika kilinywea kwa asilimia 70. Anayekunywa mchanganyiko wa chupa kwa miezi mitatu akapona, atamshukuru muuzaji wa chupa. Angepona pia kwa maji.

Upasuaji nao una mahali pake, na mahali hapo pana mipaka. Kwa diski inayobana mshipa wa mguu, jaribio la Uholanzi la mwaka 2007 lenye wagonjwa 283 lilionyesha kwamba kupasuliwa mapema huondoa maumivu haraka zaidi. Baada ya mwaka mmoja, makundi yote mawili, waliopasuliwa mapema na waliosubiri huku wakiruhusiwa kupasuliwa baadaye wakihitaji, walikuwa wamepona kwa asilimia 95, na asilimia 39 tu ya waliosubiri ndio walioishia kwenye kisu. Hiyo ni tiba nzuri kwa aliyeshindwa kuvumilia. Lakini kuunganisha pingili kwa vyuma kwa sababu tu diski imechakaa na kiuno kinauma ni jambo jingine. Jaribio la Uingereza la mwaka 2005 lenye wagonjwa 349 halikupata ushahidi wa wazi kwamba upasuaji huo unauzidi mpango wa mazoezi makali. Familia inayouza kiwanja ili mzazi akawekewe vyuma inastahili kuambiwa hivyo kabla ya kiwanja kuuzwa.

6. Gharama zisizoandikwa kwenye risiti

Wengi watauliza: hata kama picha haisemi kitu, inadhuru nini kujua? Inadhuru. Mwaka 2001 huko Uingereza wagonjwa 421 wa maumivu ya kiuno waligawanywa, nusu wakapigwa eksirei na nusu wakapata huduma ya kawaida. Baada ya miezi mitatu, waliopigwa picha ndio waliokuwa wengi zaidi katika kuendelea kuumwa. Pamoja na hayo, waliridhika zaidi na huduma waliyopata. Huo ndio mtego wote: picha humridhisha mtu na kumwacha na maumivu yake, pengine na hofu juu yake.

Gharama nyingine hulipwa na tumbo na figo. Aliyeambiwa ana ugonjwa wa kudumu hutafuta dawa ya kudumu, na diklofenaki hupatikana dukani kama pipi. Ikitumika siku chache ina kazi yake. Ikimezwa mwezi baada ya mwezi huchimba vidonda tumboni, hupandisha shinikizo la damu na huumiza figo. Chupa zisizo na maelezo zina hatari zaidi: mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya juu ya vidonge vilivyouzwa kama virutubisho vya viungo, ambavyo vipimo vilikuta ndani yake diklofenaki na steroidi ya deksamethasoni ambazo hazikutajwa kwenye lebo. Nafuu ya ghafla kutoka kwenye "mitishamba" haipaswi kumfurahisha mtu kabla hajajua imetoka wapi.

Gharama kubwa kuliko zote ni ya yule ambaye kweli anaumwa. Kifua kikuu hushambulia uti wa mgongo, na katika Afrika Mashariki bado ni ugonjwa wa kila siku. Saratani ya matiti na ya tezi dume hupeleka mbegu zake kwenye pingili. Ugonjwa wa brusela, wa wafugaji na wanywaji wa maziwa yasiyochemshwa, hukaa mgongoni pia. Pale ambapo kila mgongo unaouma unapewa jina moja la kusagika, mwenye kifua kikuu naye hupewa mkanda na diklofenaki, na anarudi baada ya miezi akiwa na kibyongo au miguu isiyotembea. Maelezo yanayowafaa wote huwaficha wachache waliopaswa kuonekana.

7. Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza: je, maana yake maumivu ni ya kufikirika? Hapana. Mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na hawakuyabuni. Maumivu hutoka kwenye misuli, viungo vidogo vya pingili, kano, na wakati mwingine kwenye diski yenyewe. Huongezwa na kukosa usingizi, mawazo na hofu, kwa kuwa mfumo wa fahamu unaohisi maumivu ndio huohuo unaobeba vitu hivyo. Ninachokanusha ni kwamba picha inaweza kuonyesha maumivu hayo, au kwamba ukubwa wa kinundu hupima ukubwa wake. Kwa kweli rai yangu inampa mgonjwa heshima zaidi: neno lake lina uzito kuliko filamu yake. Na inampa tumaini lenye msingi. Katika mji wa Rochester, Minnesota, wagonjwa 561 waliokuwa na mshipa wa shingo uliobanwa walifuatiliwa kwa miaka, na asilimia 90 waliishia bila dalili au na usumbufu mdogo tu. Picha zao, kama picha za watu wote, zilikuwa zikizeeka.

Pingamizi la pili: watu wakisikia haya, si watapuuza hatari? Watapuuza wasipoambiwa hatari inavyofanana, na rai ya kusagika haijawahi kuwaambia. Basi isemwe wazi. Aliyeanza kushindwa kufunga vifungo vya shati, anayedondosha funguo, ambaye mwandiko wake umebadilika au miguu inayumba gizani, ugwe mgongo wake wa shingoni unaweza kuwa unabanwa, hata kama haumwi popote. Aliyepata ganzi sehemu za siri na makalioni, au ambaye mkojo wake umeziba au unatoka bila yeye kujua, aende hospitali siku hiyohiyo. Homa, jasho la usiku, kupungua uzito, maumivu yasiyotulia hata kwa kulala, saratani ya zamani, virusi vya UKIMWI, kuanguka vibaya: wenye mojawapo ya haya wapigwe picha bila kucheleweshwa. Mkono au mguu unaozidi kupoteza nguvu vilevile. Kwa hawa MRI ni neema, na foleni ya mashine hiyo ingekuwa fupi kwao kama isingejazwa na watu waliotumwa kwenda kuzipiga picha mvi zao.

Wapo waliodhani kwamba dawa ya tatizo hili ni kuongeza maneno kwenye ripoti, kwamba mabadiliko kadhaa ni ya kawaida kwa watu wa umri huu. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2020, lenye wagonjwa zaidi ya laki mbili, liliongeza maneno hayohayo. Huduma za mgongo walizozitafuta baadaye hazikupungua kwa ujumla, ingawa dawa za jamii ya afyuni zilipungua kidogo. Mstari mmoja chini ya karatasi hauwezi kuifuta sentensi iliyotamkwa kwa mdomo, kalamu ikigusa filamu.

Kwa hiyo linalotakiwa kubadilika ni sentensi hiyo yenyewe, na atakayeibadilisha ni yule mwenye kalamu. Daktari, mtaalamu wa fiziotherapia, muuguzi, na mwenye duka la dawa wana uwezo wa kusema, kwa muda uleule wa nusu dakika: "Mgongo wako una umri wako. Nimekupima, mishipa yako inafanya kazi, na hakuna dalili ya hatari. Maumivu haya yana kawaida ya kupungua, na kutembea kutakusaidia kuliko kulala. Ukiona mkono unalegea au mkojo unasumbua, usingoje, njoo." Sentensi hizo ni za kweli, hazigharimu kitu, na anayezisikia anaweza kuiacha bahasha yake ya kaki juu ya kabati na kurudi shambani.